Hifadhi, Ufuko na Wenyeji: Istilahi za Nchi Inayotunzwa, kwa Mifano ya Babati

Utangulizi

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002, umekaa penye njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha hupita hapo ikielekea Kondoa na Dodoma. Nyingine huchepuka kwenda Singida, ikipita chini ya Mlima Hanang. Msafiri akitoka mjini kwa upande wa kaskazini ataikuta mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, na mbele yake Ziwa Manyara chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Akishika njia ya kusini atafika Kolo, penye majabali yaliyochorwa na watu wa kale. Akienda magharibi kupitia Mbulu atafika Bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadza. Na mjini penyewe lipo Ziwa Babati, lenye viboko, ambalo limewahi kufurika na kuingia katika makazi ya watu.

Kila mahali tulipopataja pana sheria yake, kibao chake na nyaraka zake. Aghalabu nyaraka hizo zilitungwa kwanza kwa Kiingereza ndipo zikafasiriwa, na kila mfasiri alichagua neno lililomjia. Zamani kasoro hii iliweza kuvumilika, kwa kuwa penye shaka watu walirejea matini ya Kiingereza. Sasa mambo yamebadilika. Kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Neno la Kiswahili linaloandikwa leo katika kanuni au katika tangazo la kijiji ndilo litakalopimwa barazani na mahakamani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi za hifadhi si majina ya kupambia vibao. Kila moja hubeba ruhusa au katazo: nani akae, nani achunge, nani awinde, nani afanye tambiko. Kwa hiyo mfasiri hana budi kulipima neno mara mbili, kwanza katika vinywa vya watu waishio na kitu kinachotajwa, kisha katika sheria inayokihusu.

1. Mbuga, pori na hifadhi

Watu wengi, pamoja na magazeti na redio, huita hifadhi za taifa "mbuga za wanyama". Neno hili ni zuri, lakini lina maana yake tangu zamani. Mbuga ni uwanda mpana wenye nyasi. Kwa wakulima wengi wa bara ni hasa nchi ya bondeni yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wataalamu wa udongo nao walilichukua neno hilohilo kwa maana hiyo, wakaliingiza katika maandishi yao ya Kiingereza. Mbuga, basi, ni umbo la nchi, si hali ya kisheria. Mkulima wa Babati anaweza kuwa na shamba mbugani bila ya kuvunja sheria yoyote.

Kinyume chake, zipo hifadhi ambazo si mbuga hata kidogo. Kilimanjaro ni mlima, na Rubondo ni kisiwa chenye msitu. Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, ni matumbawe na maji. Mtu akisema "mbuga ya bahari" atachekwa, na ni haki yake kuchekwa.

Neno "hifadhi" limetufikia kutoka Kiarabu, na maana zake ni pana. Mwanafunzi wa chuo huhifadhi sura za Kurani moyoni. Mkimbizi huomba hifadhi. Mzee humwombea mtoto hifadhi ya Mungu. Katika matumizi yote hayo mna mambo mawili: kitu chenye thamani, na mlinzi aliyekabidhiwa. Ndiyo maana neno hili linafaa sana kuwa istilahi kuu. Hata hivyo, kwa upana wake, halitoshi likisimama peke yake. Lisipofuatwa na sifa, msomaji hawezi kujua ni hifadhi ya namna gani.

Katika eneo linaloizunguka Babati tofauti hizo zinaonekana wazi. Tarangire, iliyotangazwa mwaka 1970, na Ziwa Manyara, iliyotangazwa mwaka 1960, ni hifadhi za taifa: humo watu hawaruhusiwi kuishi, kulima wala kuchunga. Pori la akiba ni jambo jingine, kwani humo uwindaji huweza kuruhusiwa kwa leseni. Pori tengefu ni la tatu, lenye masharti yake. Burunge, katika Wilaya ya Babati, ni la namna ya nne: ni ardhi ya vijiji ambayo wanavijiji wenyewe wameitenga kwa ajili ya wanyamapori, wakaunda jumuiya ya kuisimamia. Nayo Ngorongoro iliwekewa sheria yake mwaka 1959, iliyoruhusu wafugaji na wanyamapori kukaa katika eneo moja; makazi ya humo yamekuwa jambo la mjadala mkubwa, hasa tangu mwaka 2022.

Sasa tuchukue karani wa kijiji anayeandika tangazo la mkutano. Akiandika kwamba wananchi waje "kujadili upanuzi wa mbuga", mfugaji atafikiri inazungumzwa nchi ya malisho. Akiandika "kujadili hifadhi" bila ya zaidi, mwingine atadhani anahamishwa, kumbe huenda shauri ni la eneo la jumuiya ambalo kijiji chenyewe kitalisimamia. Mkutano utavunjika kabla ya ajenda ya kwanza, na lawama itawaangukia wananchi kwamba ni wabishi, hali kosa lilikuwa la kalamu.

Lipo neno moja ambalo limefasiriwa kwa ustadi, nalo ni "ushoroba". Katika nyumba, ushoroba ni ujia mwembamba unaomwezesha mtu kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Wataalamu wa wanyamapori wamelitwaa kutaja njia wanazopita wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, kama ule ushoroba wa Kwakuchinja baina ya Tarangire na Ziwa Manyara. Hapa msomaji haelezwi mara mbili: anajua kwamba ushoroba ukizibwa vyumba vyote viwili hupoteza manufaa yake. Istilahi njema ndivyo inavyofanya kazi.

2. Pwani, mwambao na ufuko

Vitabu vya jiografia husimulia habari za hifadhi zilizo ukingoni mwa maji, na hapo mfasiri hukutana na maneno yaliyozaliwa baharini. "Pwani" limetokana na kitenzi "kupwa": ni mahali ambapo maji hupwa, yaani hushuka, kisha hujaa tena kwa mwendo wa mwezi. "Mwambao" limetokana na "kuambaa", kupita kando ya kitu bila ya kukigusa, kama chombo kinavyoambaa nchi kavu. Maneno haya mawili yana bahari ndani yake.

Je, Ziwa Manyara lina pwani? Ziwa hili halina mto wa kutolea maji. Maji yake huondoka kwa jua tu, yakiacha magadi juu ya uwanda mweupe. Miaka ya mvua nyingi hutanda. Miaka ya ukame hurudi nyuma mwendo mrefu. Kurudi huko si kupwa, kwa sababu hakufuati mwezi wala saa. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wa Babati kwamba "ziwa limepwa", atakuwa amewanyima njia ya kuelewa kupwa na kujaa kwa bahari siku watakapofundishwa. Kwa ziwa yafaa kusema maji yamepungua, yamerudi nyuma, au yamepanda. Mahali penyewe paitwe "ufuko" au "ufukwe" kama pana mchanga, na "ukingo" au "kando ya ziwa" kama hapana.

Huenda msomaji akaona kwamba huku ni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. La hasha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kandokando ya bahari, ziwa au mto. Mwenye kiwanja karibu na Ziwa Babati atauliza: mita hizo zaanza kuhesabiwa wapi? Kwenye maji ya kiangazi, au kwenye alama ya maji ya masika? Ikiwa tafsiri itasema "kutoka ziwani", kamba itavutwa upendavyo. Ikiwa itasema "kutoka ukingo wa ziwa", na ukingo ukafafanuliwa kuwa ni mpaka wa juu unaofikiwa na maji katika majira ya kawaida ya mvua, basi mpimaji, mwenye nyumba na hakimu watakuwa wameshika kamba moja. Ufafanuzi huo ni pendekezo letu, na wanasheria wanaombwa waupime.

3. Maneno ya miamba na ya milima

Katika elimu ya miamba Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo. "Bonde la Ufa" ni mfano wa istilahi iliyoundwa kwa maneno mawili ya kawaida, na ambayo mtoto huielewa papo hapo: nchi imepasuka, na baina ya pande mbili za ufa pametitia. "Magadi", "tabaka" na "mashapo" ni maneno ya nyumbani yaliyopanda hadi darasani bila ya taabu. "Zaha" na "kasoko" yamo katika kamusi zetu, lakini waandishi wengi bado husema lava na kreta. Hatuoni ubaya wa maneno haya ya kukopa. Ubaya ni kitabu kimoja kutumia yote manne kana kwamba ni vitu vinne.

Neno "mwamba" lataka uangalifu. Kwa mvuvi wa pwani mwamba ni ule ulio majini, unaopasua ngalawa. Kwa mtu wa Kondoa mwamba ni jabali lililosimama mlimani. Katika maandishi ya hifadhi za bahari ni afadhali kutaja "mwamba wa matumbawe", ili msomaji wa bara asidhani kwamba samaki wanaishi juu ya kilima.

Haja ya kuwa na istilahi zinazoeleweka na wote ilijitokeza kwa uchungu tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakateremka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, uvumi ulienea kwamba mlima umelipuka, na serikali ikalazimika kueleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano. Wengine walisema ni mafuriko. Maneno hayo matatu, yaani mlipuko, mafuriko na maporomoko ya tope, hayana maana moja, na kila moja hudai hatua yake. Anayekimbia mafuriko hutafuta mahali pa juu. Anayekimbia maporomoko ya tope hana budi kuondoka katika njia ya korongo, aende kando. Anayehofia mlipuko huhama mlima wote. Afisa anayetoa tahadhari kwa neno lisilo lake anaweza kuwaelekeza watu pasipo salama.

Kwa sababu hiyo tunahimiza pia utaratibu wa kutaja hali za volkano: volkano hai, volkano iliyolala, na volkano mfu. Ol Doinyo Lengai, jina ambalo kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, ni volkano hai. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Zaha yake ni ya ajabu, kwani ina magadi mengi, huwa nyeusi na nyepesi kama uji, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, ambalo ni nusu ya joto la zaha ya kawaida. Ikipoa hugeuka nyeupe.

Mlima huo, pamoja na Ngorongoro, umo katika eneo ambalo Shirika la UNESCO lilitambua mwaka 2018 kwa ajili ya miamba yake na historia ya nchi, likiwa la kwanza la namna hiyo katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Wengine wameliita "jiopaki", wengine "hifadhi ya jiolojia". Hapa pana jambo la kutafakari. Utambuzi wa aina hiyo hauleti peke yake katazo jipya la kukaa wala kulima, na wakazi wake hutakiwa washiriki katika kulitunza na kunufaika nalo. Tukiliita hifadhi, mwanakijiji atahofu kuhamishwa. Tunapendekeza "eneo la urithi wa jiolojia", ili neno lisitishe kuliko jambo lenyewe.

4. Urithi na mambo ya kale

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Iko katika majabali zaidi ya 150, mengi yakiwa kwenye miteremko ya kando ya Bonde la Ufa. Ile myekundu huhusishwa na watu waliokuwa wakiwinda na kuokota matunda. Ile myeupe, ambayo ni ya baadaye, huhusishwa na wakulima na wafugaji. Mtaalamu Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951.

Kitenzi "chora" chaweza kumaanisha kuchora kwa rangi na hata kuchonga kwa ncha. Michoro ya Kolo ni ya rangi. Mfasiri atakayekutana na habari za miamba iliyochongwa katika nchi nyingine na atumie "michongo ya miambani", asichanganye mambo mawili.

Lakini tatizo kubwa zaidi limo katika neno "kale". Sheria yetu ya mwaka 1964 ni Sheria ya Mambo ya Kale, na kwa magofu yasiyo na watu jina hilo linafaa. Kolo ni tofauti. Mahali paitwapo Mungomi wa Kolo watu wa sehemu hizo wameendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua na ya kuponya wagonjwa, na desturi hizo hai zilikuwa miongoni mwa sababu za mahali hapo kuheshimiwa na dunia. Kibao kikisema "mambo ya kale" tu, mzee ajaye na sadaka yake huonekana mvamizi wa makumbusho. Kikisema "urithi", panakuwa na mrithi. Na mrithi ana haki ya kuulizwa. Kwa hiyo pale ambapo desturi zingali hai tunapendekeza "mahali pa urithi na tambiko".

5. Wenyeji na majina yao

Sehemu za Babati, Mbulu na Kondoa zina sifa ambayo ni nadra duniani: humo hukutana jamii nne kubwa za lugha za Afrika. Warangi na Wambugwe husema lugha za Kibantu; Wairaqw, Wagorowa na Waburunge lugha za Kikushi; Wadatoga na Wamaasai lugha za Kiniloti; nao Wasandawe na Wahadza lugha zenye sauti za kualisa. Kiswahili ndicho ukumbi wao wa kukutania, na ukumbini hapana budi kila mgeni aitwe kwa jina lake.

Kwa bahati mbaya majina mengi yaliingia katika maandishi kutoka kwa majirani au kwa wakoloni. "Wamang'ati", waliloitwa Wadatoga, latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. "Wandorobo" nalo latokana na neno la Kimaasai la kuwataja watu wasio na ng'ombe. Wagorowa waliandikwa Wafiomi, na Wahadza waliitwa Watindiga. Hata "Wahadzabe", jina la heshima linalotumika sana leo, lina alama mbili za wingi, kwani "-be" katika lugha yao ni alama ya wingi, "Wahadza" latosha.

Nchi nyingine zimekutana na shida hii pia. Kusini mwa mji wa Adelaide, Australia, ipo hifadhi ndogo ya ufukoni iitwayo Hallett Cove, iliyotangazwa mwaka 1976. Miamba yake ina mikwaruzo iliyoachwa na barafu nene iliyokuwa ikisogea zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na nchi ile ni ya asili ya watu waitwao Kaurna. Mfasiri wa habari kama hiyo huwaita watu hao "Waaborijini", "wazawa", "wenyeji" au "watu wa asili". Lipi lifae?

Mwenyeji, kwa asili ya neno, ni mwenye mji. Ndiye ampokeaye mgeni na kumwonyesha kisima. Mzawa ni aliyezaliwa mahali. Mkazi ni akaaye. Mwananchi ni mwana wa nchi. Tanzania karibu sote ni wazawa, wala neno hilo halimtofautishi Mhadza na mwingine. "Wenyeji asilia" ndilo tunaloliona linafaa kwa dhana ya jumla, kwa kuwa lina heshima ya uenyeji na hutaja utangulizi wa kuwapo. Lakini kila iwezekanapo jina la jamii lianze: Wakaurna, Wahadza, Wasandawe.

Faida yake si ya adabu peke yake. Mwaka 2011 Wahadza wa Bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati humtaja mwenye haki kwa jina. Watu wanaoandikwa "wawindaji wahamaji" huonekana hawana mahali. Wanaoandikwa wenyeji wana mji, na mji una mipaka.

Hitimisho

Kwa ufupi, tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wafasiri, walimu na maofisa:

(a) "Mbuga" libaki kuwa jina la umbo la nchi. "Hifadhi" lifuatwe daima na sifa yake: ya taifa, ya bahari, ya jumuiya.
(b) "Kupwa" na "pwani" yaachiwe bahari. Maziwa yawe na "ufuko" na "ukingo", na ukingo ufafanuliwe kila unapotajwa katika sheria.
(c) Katika tahadhari za maafa, "mlipuko", "mafuriko" na "maporomoko ya tope" yasibadilishane nafasi.
(d) Palipo na desturi hai pasiitwe "mambo ya kale" peke yake.
(e) Jamii zitajwe kwa majina wanayojiita.

Wasomaji walio karibu na hifadhi, maziwa na milima wanayo maneno ambayo hayajafika katika kamusi. Tunawaomba wayaandike pamoja na mahali yanakotumika, wayalete yajadiliwe. Jina la Manyara lenyewe lasemwa kuwa limetokana na mmea ambao Wamaasai huuzungushia maboma ya mifugo, huo tuuitao mnyaa. Ua la minyaa halizuii kila kitu. Huonyesha tu wapi ndani na wapi nje, na mlango uko upande gani. Istilahi njema haina kazi zaidi ya hiyo.